Kumtunza Samaki wa Beta Katika Tangi Jipya

Leo tutazungumza juu ya samaki mdogo afugwaye nyumbani kwa kutazamwa tu, wala si kwa kuliwa. Jina lake ni beta. Huenda mmemwona mjini, dukani: urefu wake ni kama wa kidole, rangi yake nyekundu au buluu iliyokolea, na dume ana mapezi marefu yanayopepea majini kama kanga iliyoanikwa.

Mtu humnunua, akamtia katika tangi jipya la kioo lenye maji safi, akampa chakula, akamfurahia. Siku ya tano au ya sita samaki hukunja mapezi na kulala chini. Juma la pili halijesha, amekufa. Mwenyewe husema, "Niliuziwa samaki mgonjwa." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi samaki alikuwa mzima. Maji ndiyo hayakuwa tayari. Nalijua jambo hili kwa sababu beta wangu wa kwanza nilimwua mwenyewe, tena nilimwua kwa usafi. Nitawaeleza baadaye kidogo.

Kwanza tujue kwao. Kwao ni Thailand, nchi iliyoitwa Siam zamani. Wenyeji humwita pla kat, maana yake samaki aumaye, kwa kuwa madume wawili wakikutana hupigana. Kwa hiyo msiweke madume wawili pamoja. Mwaka 1910 mtaalamu Charles Tate Regan wa Uingereza alimpa jina la kitaalamu, Betta splendens, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Hukaa katika mashamba ya mpunga, mabwawa na mifereji. Wewe uliyelima mpunga wayajua maji ya namna hiyo: ni ya vuguvugu, yametulia, yamejaa majani. Maji hayo huwa na hewa kidogo. Lakini beta ana kiungo cha pekee kichwani, juu ya matamvua, cha kupumulia hewa ya juu. Ndiyo sababu mnamwona akipanda, akigusa uso wa maji kwa mdomo, kisha akishuka. Msishtuke, anapumua tu.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Husema, kama apumua hewa ya juu, basi aweza kukaa hata katika gilasi. Sivyo. Kupumua hewa humwokoa na maji yaliyopungukiwa na hewa. Hakumwokoi na sumu iliyomo ndani ya maji.

Sumu hiyo yatoka wapi? Yatoka kwa samaki mwenyewe. Nani kati yenu amepata kuingia katika banda la kuku lililofungwa, ambalo halijafagiwa siku nyingi? Macho huwasha na pua hushikwa. Harufu ile kali ni ya amonia. Samaki naye hutoa amonia, hasa kwa matamvua yake. Tena mavi yake na chakula kilichobaki huoza na kuiongeza. Kuku hufunguliwa asubuhi akatoka. Samaki hana mlango. Katika shamba la mpunga maji ni mengi, na amonia hupotea humo. Katika tangi hubaki, nayo haionekani kwa macho. Maji yaliyojaa amonia huweza kung'aa kama maji ya kunywa, huku yakiunguza matamvua ya samaki.

(Mwalimu wa darasa asimame hapa, aandike ubaoni: A-MO-NI-A. Wanafunzi wasome kwa sauti mara mbili.)

Basi mtauliza, samaki wa tangi la siku nyingi huishije? Huishi kwa sababu ya bakteria, viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wengine huleta maradhi, lakini hawa ninaowasema ni wafanya kazi wazuri. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu, na damu ikashindwa kubeba oksijeni. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo sana. Kwako mkulima hili si geni. Samadi mbichi huunguza mche. Ikikaa ikaiva, huulisha. Bakteria wa namna hii wamo katika udongo wa shamba lako, na mtaalamu Sergei Winogradsky ndiye aliyeonyesha kazi yao kwa majaribio, karibu na mwaka 1890.

Lakini bakteria hawa huongezeka polepole. Katika tangi jipya huhitaji majuma 4 mpaka 6, na pengine zaidi. Tena wengi wao hawaelei majini. Hushika juu ya mchanga, mawe na kioo, na zaidi ya yote katika sponji ya chujio. Ikumbukeni sponji hiyo.

Sasa kosa langu. Siku ya sita maji yangu yalifanya ukungu mweupe. Nikadhani ni uchafu. Nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, nikaosha mchanga na sponji chini ya bomba mpaka vikametameta. Bakteria wachache waliokwisha kushika, nikawaondoa na kuwaua kwa klorini ya maji ya bomba. Juma lililofuata nikafanya vile vile. Samaki hakufika juma la tatu. Jirani zangu walinisifu kwa tangi safi.

Ninyi fanyeni hivi. Pateni tangi lisilopungua debe moja, yaani lita 18 hivi. Maji yakiwa mengi sumu huwa hafifu. Litieni kifuniko chenye nafasi ya hewa, maana beta huruka. Chujio lisiwe na mkondo mkali. Mapezi yale marefu humchosha. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Pwani kwa kawaida hakuna taabu, lakini aliyeko Nairobi au Mbeya, penye usiku wa baridi, anahitaji kipasha joto kidogo cha umeme na kipimajoto.

Maji ya bomba yaondoeni klorini kwanza. Ukiyaacha katika ndoo wazi siku nzima, klorini hutoka yenyewe. Lakini miji mingine hutia dawa nyingine iitwayo kloramini, nayo haitoki hivyo. Ni salama zaidi kutumia dawa ya kusafisha maji ya samaki, iuzwayo katika maduka yao, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Someni kipimo, ndiyo faida ya darasa hili.

Kama samaki hamjamnunua, mna bahati. Washeni chujio, mtie chembe chache za chakula kila siku, zioze humo na kuwalisha bakteria. Rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akikupa kipande cha sponji yake, kazi itakwenda upesi zaidi. Pimeni maji kwa dawa ya matone ibadilishayo rangi. Amonia na nitriti zikiwa sifuri siku kadhaa mfululizo, na nitrati inaonekana, samaki na aingie.

Kama amekwisha nunuliwa, msimrudishe wala msikate tamaa. Badilisheni robo ya maji kila siku au siku moja baada ya moja, kwa maji yaliyosafishwa na yenye joto lile lile. Mpeni chembe mbili au tatu asubuhi na kiasi hicho jioni, basi. Viluwiluwi vya mbu pia avipenda mno, na hapo mmewapunguza mbu. Sponji ikiziba, ikamulieni ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba. Mkimwona amekunja mapezi, au matamvua yamekuwa mekundu, pimeni maji kabla ya kununua dawa ya ugonjwa.

Kila siku andikeni mstari mmoja, hivi: "Jumatatu. Joto 26. Amonia 0. Maji niliyobadilisha: nusu ndoo." Samaki akilala chini siku moja, mtarudi nyuma katika daftari na kuona siku ambayo mambo yalianza kuharibika.

Sasa zoezi. Mtu ana tangi la siku nane. Maji yamekuwa meupe na samaki amelala chini. Afanye nini kwanza, na asifanye nini? Andikeni mistari mitatu, nanyi walimu kusanyeni madaftari. Kwaherini.