Je, Wajua? Safari ya Chara hupangwa kwa mvua za milimani

Chara, katika delta ya Tana, haina hata kilima cha kupigia picha. Hata hivyo, mlima hufika huko kila msimu. Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Kwa hiyo Chara huweza kufurika bila tone kudondoka katika mji wa Garsen, na msafiri aulize kwanza habari za mvua za bara. Mwishoni mwa 2023 maji yalifunika kipande cha barabara ya Garsen–Lamu, mabasi yakakwama.

La ajabu zaidi, mdomo wa mto wenyewe ulihamishwa na watu. Karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa karibu na Chara, kuunganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ipite. Tana ikaupenda kupita kiasi: ikaupanua, na leo maji yake mengi humwagika baharini Kipini.

Ukitaka ziwa, lipo Shakababo, upande wa Ngao. Viboko wapo pia. Kwa hiyo ukipanda mtumbwi, mwachie mwenyeji kafi.