Ahadi ya Zawadi na Amani ya Mitaa

Mkaaji wa Mbuya, awe mke wa askari katika kambi au mchuuzi wa Kinawataka kule bondeni, hupokea mara kwa mara katika simu yake tangazo la zawadi au la bei iliyopunguzwa. Biashara hiyo ni halali. Lakini ahadi inayowafikia watu laki kadhaa kwa dakika moja, ikiharibika, huharibika mbele ya watu hao wote. Hapo ndipo askari huitwa kusimama kati ya umati na lango la duka. Yafaa basi walinzi wa usalama waelewe jinsi mambo haya yanavyoanza na yanavyotulizwa.

Mfano ulio wazi ulitokea Ufilipino mwaka 1992, kabla simu za mkononi hazijaenea. Kampuni ya Pepsi ilichapa namba ndani ya vizibo vya chupa, na zawadi kubwa ilikuwa peso milioni moja. Usiku wa tarehe 25 Mei televisheni ilitangaza kwamba namba iliyoshinda ni 349. Vizibo viwili tu ndivyo vilivyokusudiwa kupata zawadi hiyo. Kumbe namba hiyo ilikuwa imekwisha chapwa katika vizibo vipatavyo 800,000, visivyokuwa na alama ya siri ya uthibitisho.

Maelfu ya watu walimiminika viwandani. Asubuhi yake baadhi ya magazeti yakachapa namba nyingine, 134, na watu wakaona wanachezewa. Ndipo kampuni ikatoa peso 500 kwa kila mwenye kizibo. Watu zaidi ya 480,000 walizipokea, wengine walikataa. Malori zaidi ya 30 yalichomwa au kupinduliwa. Februari 1993, mjini Manila, bomu la mkono lililorushiwa lori la Pepsi liliua mwalimu na mtoto mdogo, wapita njia tu. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni haiwajibiki kulipa. Hukumu hiyo haikuwafufua wafu.

Mafunzo yake ni dhahiri. Kwanza, kosa litangazwe mapema na mwenye kosa mwenyewe, kabla ya uvumi. Pili, kauli iwe moja: inayotoka redioni, kwa karani wa duka na kwa mlinzi wa lango isitofautiane. Tatu, madai yaandikwe, jina kwa jina, na kila mdai aambiwe siku ya kupata jibu. Nne, mkubwa mwenye madaraka ya kuamua atoke nje akutane na watu.

Askari naye ana sehemu yake. Yeye si karani wa kampuni. Asiahidi fedha asizokuwa nazo, wala asimtukane mdai. Mtu aliyeshika risiti ni mdai, si adui, maadamu hajavunja sheria. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Taifa ya kusimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha. Afisa anayejua hayo aweza kumwelekeza mwenye malalamiko ya aina hiyo kwenye njia ya haki, badala ya kumwachia jiwe mkononi.

Ahadi ni deni. Mfanyabiashara anayejificha asikutane na wadai wake humtwisha askari deni lisilo lake, na mtaa mzima hulilipa.