Masomo ya Mtandao Yamfikie Kila Mwanafunzi

Mnamo Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, nazo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Wakati huo masomo yalipelekwa majumbani kwa redio, televisheni na mtandao. Hapa Mukuju, wilayani Tororo, mahali panapofahamika kwa chuo chake cha ualimu, yafaa tujiulize: mtoto kiziwi alisikia nini redioni? Na kipofu aliona nini katika televisheni?

Sisi wa majeshi twajua kwamba amri isiyomfikia askari wa mwisho mstarini haijatolewa. Ndivyo lilivyo somo. Katiba ya 1995 yaagiza lugha ya ishara ikuzwe, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 yakataza ubaguzi katika elimu. Kilichobaki ni utekelezaji, wala haudai mali nyingi. Maneno ya mwalimu yaandikwe chini ya filamu. Picha ielezwe kwa maneno. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kipofu wa Australia, humsomea kipofu maandishi ya kompyuta kwa sauti, tena bila malipo. Lakini karatasi iliyopigwa picha huitatiza. Basi mwalimu na atume maandishi yenyewe.

Ndugu askari na polisi, watoto hao wamo katika jamii zetu, na bomu la ardhini laweza kumfanya yeyote kati yetu mwanafunzi wa namna hiyo kesho. Tusiwafiche watoto wetu. Tuwaandikishe shuleni, na tuwadaie somo wanaloweza kulipata.