Sura ya 4: Asilimia 60 ya Mvua

Huku Kisauni, Mombasa, mtu akisifiwa kwa fikra huru, mara nyingi husifiwa kwa ubishi. Serikali ikisema hivi, yeye husema vile. Daktari akimwandikia dawa, yeye ana habari nyingine aliyotumiwa kwa WhatsApp. Anayepinga kila wanalosema wakubwa bado anaongozwa na wakubwa hao hao. Mwenye fikra huru hujiuliza ushahidi uliopo unamtosha kuamini kwa kiasi gani, kisha huamini kwa kiasi hicho.

Kiasi hicho nilikusudia kukieleza kwa mifano ya siasa, tiba na hali ya hewa. Siasa na tiba zitangoja, kwa maana vuli ya 2023 ina mafunzo ya kutosha.

Mwaka huo Idara ya Hali ya Hewa ilitabiri El Niño. Oktoba, Rais William Ruto akawatangazia Wakenya kwamba El Niño iliyohofiwa haipo tena, ila kutakuwa na mvua kubwa isiyofikia kiwango cha kuleta maafa. Novemba mafuriko yakaja, yakaua zaidi ya watu 100 nchini, na Mombasa nayo ikafurika.

Tangu hapo nasikia watu wazima wakisema kuwa wa hali ya hewa hubahatisha, afadhali mganga. Maneno haya yananikera. Mganga anayejidai kufunga mvua hakosei kamwe, kwa sababu hasemi lolote la kupimika: ikinyesha, mteja amevunja mwiko, isiponyesha, dawa imeshika. Mtabiri hutaja eneo, msimu na asilimia, na akikosea twamwona.

Asilimia nayo husomwa vibaya. Utabiri ukisema kuna uwezekano wa asilimia 60 kwamba mvua ya vuli itapita wastani, maana yake ni kuwa katika miaka 10 yenye dalili kama hizo, miaka 6 hivi mvua itazidi, na 4 haitazidi. Haimaanishi kwamba itanyesha siku 60 kwa 100, wala kwamba asilimia 60 ya Mombasa italowa. Mmoja wa ile miaka 4 ukifika, mvua ikawa haba, utabiri haukuwa uongo.

Kwa nini pasiwe na uhakika? El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki kuliko kawaida, mbali sana nasi. Kwetu linalotawala vuli zaidi ni hali ya Bahari ya Hindi yenyewe. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakapoa, pepo huelekeza unyevu huku. Wataalamu huita hali hiyo dipoli. Mwaka 1997 El Niño na dipoli zilikutana, na mvua yake bado inatajwa pwani nzima. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali mno, lakini dipoli ilikuwa dhaifu, na gharika iliyotangazwa haikufika kwa kiwango kilichohofiwa. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na kawaida, dipoli ikapanda sana, Kenya ikafurika. Mwaka 2023 zikakutana tena. Anayekumbuka 2015 peke yake atadharau kila onyo; anayekumbuka 1997 peke yake ataogopa kila wingu. Na dipoli yenyewe hutabirika vyema miezi michache tu kabla, kwa hiyo anayekuapia mwezi wa Januari jinsi vuli itakavyokuwa anakudanganya, awe na shahada au hirizi.

Sasa mchukue mama mwenye duka Mishomoroni, mahali ambapo maji ya barabarani huteremka hadi mlangoni. Magunia yake ya mchele na unga yamekaa sakafuni. Akisikia asilimia 60, hana haja ya kungoja ifike 100. Kuinua magunia juu ya mbao na matofali ni kazi ya jioni moja. Kuyaacha yakanywa maji ni hasara ya mtaji. Hata uwezekano ungekuwa asilimia 30, hesabu ingemwambia ainue. Kuhamisha duka zima kwenda mtaa mwingine ni gharama ya aina nyingine kabisa, na kwa utabiri huo huo mmoja, jibu sahihi la swali hilo laweza kuwa: bado, Mama, ngojea utabiri wa mwezi ujao.