Joto la Pwani na Mtoto wa Milimani

Mama, na wewe nyanya, shangazi au dada unayelea mtoto wa mwenzako, mada hii ni yako.

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, familia nyingi za huku kwetu hupanga safari ya Mombasa. Wengine wana ndugu Changamwe, Mikindani au Likoni. Wengine wameweka pesa katika chama mwaka mzima ili watoto waione bahari kwa mara ya kwanza. Ni jambo zuri sana. Lakini miezi ya Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, ndiyo miezi ya joto kali zaidi Pwani. Leo tutazungumza kuhusu joto hilo, na jinsi ya kumlinda mtoto aliyezoea baridi ya milima yetu.

Tuanze na tofauti ya mahali. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Usiku tunajifunika blanketi. Mombasa iko pale pale usawa wa bahari. Mchana, katika miezi hiyo, joto hufika nyuzi 31 hadi 33, na usiku halishuki sana. Mtoto anapanda basi jioni akiwa amevaa sweta, na kesho yake anaamka katika nchi nyingine kabisa kwa hali ya hewa.

Pengine utasema, "Hata huku jua huwaka." Ni kweli, mama. Lakini joto la Pwani lina unyevu, na unyevu ndio unaosumbua. Mwili wetu hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Sasa fikiria nguo ulizofua siku ya mvua. Unazianika kambani, na hata jioni bado zimelowa, kwa sababu hewa imejaa maji tayari. Jasho la Mombasa ni hivyo hivyo. Linatiririka, linalowesha shati, lakini halikauki upesi. Kwa hivyo mtoto anaweza kuwa amelowa jasho mwili mzima na bado ndani anazidi kupata joto.

Jambo la pili ni hili, na ningependa ulishike kuliko mengine yote. Mwili unaweza kulizoea joto, lakini unahitaji muda. Mtu mzima huchukua kama wiki moja hadi mbili, na mtoto huchukua muda zaidi. Safari zetu nyingi ni za siku nne au tano. Maana yake ni kwamba mtoto wako atarudi nyumbani kabla mwili wake haujazoea. Basi usimlinganishe na watoto wa shemeji yako wanaocheza mpira saa saba mchana pale Likoni. Wao wamezaliwa katika joto hilo. Wako ni mgeni, na mgeni hupewa nafasi ya kupumzika.

Wanaohitaji uangalifu zaidi ni watoto wachanga na wale wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito, na wazee. Kama unasafiri na nyanya anayetumia dawa za presha, mpeleke kliniki kabla ya safari mkaulize. Baadhi ya dawa hizo huondoa maji mwilini. Asiache kuzimeza kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mavazi. Huku kwetu mama mwema ni yule anayemfunika mtoto vizuri: kofia ya sufu, soksi, sweta na shali nzito juu yake. Mavazi hayo yanafaa Nyamira alfajiri. Basi linapoteremka kuelekea Mtito Andei na Voi, anza kuyapunguza. Ukifika Mombasa, mtoto mchanga anatosheka na nepi na fulana nyepesi ya pamba. Ukimbeba mgongoni kwa leso, joto la mwili wako linaongezeka juu ya lake, kwa hivyo mshushe mara kwa mara mkiwa kivulini. Usimfunike uso kwa kitambaa kizito ukidhani unamkinga na jua, kwani hewa ya ndani hupata joto haraka. Na yale mafuta mazito ya mgando tunayowapaka watoto wakati wa baridi, yaache nyumbani. Yanaziba vitundu vya jasho na kuleta vipele vya joto shingoni na kwapani. Vipele vikitokea, muogeshe kwa maji ya kawaida, mkaushe polepole, na uiache ngozi ipate hewa.

Kuhusu kunywa, sikiliza vizuri. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji hata Mombasa. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Kinachobadilika ni kwamba utamnyonyesha mara nyingi zaidi, mchana na usiku, na wewe mwenyewe unywe maji zaidi. Aliyevuka miezi sita apewe maji safi kidogo kidogo siku nzima. Anapocheza, mwite kila baada ya nusu saa anywe, bila kungoja aseme ana kiu. Mtoto aliye katika mchezo husahau kiu yake. Maji yawe yamechemshwa au ya chupa iliyofungwa, maana kuhara pamoja na joto ni mzigo mara mbili. Madafu ni mazuri pia, bora yapasuliwe mbele yako. Soda isichukue nafasi ya maji.

Utajuaje kama anakunywa vya kutosha? Angalia mkojo. Ukiwa wa rangi nyepesi, mambo ni sawa. Ukiwa wa manjano iliyokolea na kidogo, aongezewe. Kwa mchanga, hesabu nepi. Kama kwa kawaida analowesha sita au zaidi kwa siku, na leo umebadilisha mbili tu, kuna shida. Angalia pia mdomo mkavu, kulia bila machozi, na utosi uliobonyea.

Sasa tupange siku. Bahari na matembezi yawe kuanzia asubuhi na mapema hadi saa nne, kisha mrudi tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati hapo watoto wawe ndani au chini ya miti, wale, walale. Kama mnataka kuiona Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593, nendeni mapema, kwa sababu uwanja wake wa ndani uko wazi juani. Haller Park kule Bamburi palikuwa machimbo ya saruji yaliyokauka, na leo pana miti na kivuli, kwa hivyo panafaa zaidi jua linapopanda. Kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule wengi huuita Pirates, tafuta kivuli kwanza kabla ya kuweka vitu vyenu chini. Maji ya bahari yanampoza mtoto kweli, lakini jua bado linampiga kichwani na mabegani, na bado anapoteza maji mwilini. Atoke kila baada ya muda mfupi, anywe, akae kivulini. Mkienda kwenye bustani za michezo, gusa chuma cha bembea au cha kuteleza kwa kiganja chako kabla mtoto hajakikalia. Foleni ndefu juani pia huchosha kuliko mchezo wenyewe. Mzazi mmoja apange foleni, mwingine abaki na watoto kivulini.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache, hata kama amelala na unaona huruma kumwamsha. Gari lililosimama juani hupata joto upesi sana, na mtoto mdogo hawezi kufungua mlango. Hapo mtoto anaweza kupoteza maisha.

Usiku, muogeshe kabla ya kulala na umwache na nguo nyepesi. Fungua madirisha, tumia feni, au pangaboi kama wanavyoita Mombasa, na neti iwepo juu ya kitanda. Neti haiachwi kwa sababu ya joto. Kitambaa kilicholoweshwa kifuani pamoja na upepo wa feni kinasaidia kuliko kumhamishia mtoto nje kwa mbu.

Sasa, dalili. Kuna hatua mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Hatua ya kwanza ni uchovu wa joto. Mtoto analalamika kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu au kichefuchefu, anatoka jasho jingi, amelegea au amekuwa mkali bila sababu. Huyu msimamishe mchezo. Mpeleke kivulini au penye feni, mvue nguo za juu, mloweshe ngozi kwa maji, mpe maji au ORS kwa mafunda madogo. Pakiti za ORS hazifanani, kwa hivyo soma kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti yako. Kama huna, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visirundikane. Chumvi isizidi hapo. Mtoto akianza kupata nafuu, siku hiyo asirudi juani. Kama baada ya nusu saa hajabadilika, au anatapika kila anachokunywa, nenda hospitali.

Hatua ya pili ni kiharusi cha joto. Mwili unachemka, na joto linaweza kupita nyuzi 40. Mtoto anachanganyikiwa, anaongea maneno yasiyoeleweka, hasimami vizuri, anapata degedege au anazimia. Ngozi inaweza kuwa kavu au bado ina jasho, usingoje ikauke. Hapa dakika ndizo zinazookoa. Anza kumpoza papo hapo huku mwenzako akitafuta gari. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa leso au gazeti bila kuacha, weka vitambaa vyenye barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama amezimia, mlaze kwa ubavu, na usimpe chochote mdomoni. Endelea kumlowesha na kumpepea ndani ya gari mpaka mfike hospitali. Mama wengi hukimbilia kumpa mtoto dawa ya kushusha homa. Dawa hizo hazisaidii joto la namna hii, kwa sababu halikuletwa na ugonjwa. Kinachosaidia ni maji, upepo na kivuli.

Lakini utajuaje kama ni jua au ni malaria? Mtoto aliyepata joto la jua tu hupoa na kuchangamka baada ya kupumzika kivulini. Joto likiendelea au likirudi usiku, mpeleke akapimwe damu, usibahatishe. Malaria huchukua kama siku saba au zaidi tangu mbu alipouma, kwa hivyo homa inaweza kuanza mkiwa mmesharudi nyumbani. Ikitokea hivyo, mwambie muuguzi wa zahanati yako kwamba mtoto alikuwa Pwani. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye joto jingi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, popote mlipo.

Kabla ya kufunga mzigo, hakikisha una vitu hivi: pakiti chache za ORS, chupa ya maji ya kila mtoto, kofia pana za kitambaa, leso mbili za ziada, neti, na kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Na mkishafika, muulize mwenyeji wenu hospitali iliyo karibu iko wapi, kabla hamjaihitaji.

Mwisho, mama, usiogope kumwambia mwenyeji wako, "Watoto wangu watapumzika kwanza." Siku ya kwanza na ya pili ziwe za polepole. Hujaja Mombasa kushindana na mtu. Pesa ya nauli imetoka kwa jasho lako kwenye majani chai na ndizi, na furaha ya kumwona mtoto akikimbizana na mawimbi saa kumi na moja jioni ni ile ile, tena bila hatari ya saa saba mchana.

Ya kukumbuka: kivuli kuanzia saa nne hadi saa kumi; maji kabla ya kiu; nguo nyepesi; gari lililofungwa halina mtoto ndani; na akichanganyikiwa au kuzimia, mpoze kwanza huku mkienda hospitali.

Safari njema, na mrudi salama. Hadi kipindi kijacho, kwa heri.