Albamu ya Pili Ipimwe kwa Kipimo Gani?

SEHEMU YA PILI

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi kundi la muziki linavyojipatia sauti yake. Leo tunaingia kwenye swali ambalo wapenzi wa muziki hapa Arusha hulibishania sana: albamu ya pili tuihukumu vipi mbele ya ile ya kwanza?

Tuanze nyumbani. X Plastaz, kundi la hip hop la hapa Arusha, walianza mwaka 1996, na albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatolewa Ujerumani mwaka 2004. Katika miaka hiyo minane, mistari ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa mwenzao Merege vilizoeana hata sauti yake ikawa mhimili wa nyimbo, si pambo. Albamu ya kwanza huwa ni akiba ya miaka. Ya pili hudaiwa ndani ya miezi. Kuidai ifanane na ya kwanza ni kuidhulumu.

Katika hevi metali, mfano bora ni Black Sabbath wa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siku moja, Oktoba 1969, nyimbo zikiwa zimeshaiva jukwaani. Ilitoka Februari 1970. Ya pili, Paranoid, ikafuata Septemba mwaka huohuo.

Ya kwanza inafungua kwa mvua, kengele na gitaa zito la taratibu, na hofu yake ni ya shetani. Ya pili inao uzito uleule, ila hofu imehamia kwa binadamu. Wimbo War Pigs awali waliupiga ukiitwa Walpurgis, ukiwa na maneno ya kichawi. Ulipofika kwenye albamu ulikuwa unawashitaki majenerali, na vita vya Vietnam bado vinaendelea. Wimbo Paranoid wenyewe ulitungwa harakaharaka kujaza nafasi, ukawa maarufu kuliko zote. Haraka peke yake, basi, si kasoro.

Kwa hiyo tuulize mambo matatu: kundi limebaki na nini, limeongeza nini, na ni nani bado yupo. Hili la tatu Arusha inalijua kwa uchungu. Faza Nelly wa X Plastaz aliuawa mwaka 2006, na kazi yoyote iliyofuata haiwezi kudaiwa sauti ambayo haipo tena.

Kwa vipimo hivyo, naipa Paranoid ushindi. Albamu ya kwanza ilivumbua sauti. Ya pili iliipa sauti hiyo jambo la kusema kuhusu dunia ya wasikilizaji wake.

Itaendelea.