Chagua Mtaa kwa Afya Kabla ya Kustaafu

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako. Mikono ifanye kazi na masikio yasikilize.

Leo tutazungumza juu ya kuhama. Pengine unajiuliza, muuguzi anaingiaje katika mambo ya ploti na nyumba? Anaingia kwa sababu mtaa utakaozeekea ndio utakaoamua kama utapata maji safi, kama utafika hospitali mapema, kama dawa zako za presha hazitakatika, na kama wajukuu utakaoachiwa watakuwa salama. Hayo yote ni afya.

Watu wengi waliofanya kazi Nairobi na Mombasa hutafuta mahali pa kutulia huku kwetu. Mtito Andei iko karibu katikati ya miji hiyo miwili, kwenye barabara kuu, na tangu mwaka wa 2017 ina kituo cha treni ya abiria. Wengine huchagua Kibwezi, Makindu, Emali au Wote. Wapo wanaokuja kama wageni kabisa. Lakini hata mzaliwa wa hapa aliyeondoka akiwa na miaka 20 na kurudi akiwa na 60 ni mgeni pia. Mitaa imebadilika, na mwili wake umebadilika.

Njoo mwezi wa Septemba

Wengi huja kuona ploti mwezi wa Desemba. Mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo tunayoitegemea zaidi Ukambani, imenyesha. Nchi ni kijani, maembe yapo, na ndugu wamejaa nyumbani. Desemba kila mtaa unapendeza. Lakini hutaishi Desemba peke yake, mama. Njoo Septemba, wakati jua ni kali, vumbi limetanda na foleni ya maji ni ndefu. Mtaa utakaokufaa Septemba utakufaa mwaka mzima.

Ndiyo sababu nasema anza mapema. Tangu mwaka wa 2009 mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Ukianza kutafuta ukiwa na miaka 55, una likizo kadhaa za kuja kukaa na kupima. Usije siku moja ukarudi na risiti ya ploti. Ukiweza, kodi nyumba kwanza na uishi hapo hata miezi sita. Kodi hiyo si hasara, kwa maana kuhama nyumba ya kupanga ni rahisi kuliko kuhama nyumba uliyoijenga kwa kiinua mgongo chako chote.

Hospitali iko umbali gani usiku?

Usipime safari ya hospitali kwa kilomita. Ipime kwa saa na kwa shilingi, na uipime usiku. Muulize jirani, "Mtu akizidiwa saa nane za usiku hapa, mnafanyaje? Nani ana gari? Bodaboda anakubali kuja? Barabara inapitika mvua ikinyesha?" Majibu yake yatakufaa kuliko maneno ya anayekuuzia ploti.

Mtito Andei ina hospitali ya kaunti ndogo, na kwenye barabara kuu ya kuelekea Nairobi ziko nyingine Kibwezi na Makindu. Lakini hospitali kuu ya kaunti iko Wote, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mtito Andei, na ukielekea pwani, Voi ni karibu kilomita 100. Kwa hiyo anayeishi ndani sana, mbali na lami, ana safari mbili: ya kutoka nyumbani hadi barabarani, na ya kutoka barabarani hadi hospitali.

Kwa nini ninasisitiza? Kwa sababu ya kiharusi. Mzee mdomo ukienda upande mmoja ghafla, mkono ukalegea, au maneno yakakwama, saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Hapa kwetu kuna pia nyoka wenye sumu kali, na aliyeumwa hapaswi kupoteza muda akitafuta usafiri. Ukienda kutazama mtaa, ingia katika hospitali iliyo karibu na uulize: Kliniki ya presha na sukari ni siku gani? Dawa zangu hupatikana hapa? Dawa ya sumu ya nyoka ipo, na kama haipo, wagonjwa hupelekwa wapi?

Uliza pia kama hospitali hiyo inapokea SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hakikisha umejisajili wewe na unaowatunza kabla ya kuhama. Na kabla ya kuondoka mjini, omba kliniki yako ikuandikie barua yenye ugonjwa wako, dawa zako na vipimo vya karibuni, kisha ubebe dawa za angalau mwezi mmoja. Presha haingoji upange vyombo. Ukifika 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, hiyo ni presha ya juu, hata kama husikii maumivu yoyote.

Maji yanatoka wapi, na nani atayabeba?

Tupige hesabu pamoja. Mtu mmoja anahitaji angalau lita 20 kwa siku za kunywa, kupika na kunawa, na hapo bado hujafua nguo. Nyumba ya watu watano inahitaji lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Kila mtungi ukijaa ni kilo 20. Leo unaubeba. Ukiwa na miaka 70 na magoti yanauma, nani ataubeba? Mara nyingi ni binti, mke wa mwana au mjukuu wa kike, naye atachelewa shule.

Sasa tuhesabu pesa. Tuseme mtungi mmoja ni shilingi 20. Mitano ni shilingi 100 kwa siku, na kwa mwezi ni shilingi 3,000. Toa hizo kwenye pensheni yako uone kinachobaki. Kwa hiyo uliza: Bomba lipo? Hutoa maji siku ngapi kwa juma? Maji ya kisima ni ya chumvi? Yaonje mwenyewe. Ikiwa una presha, mwambie daktari wako kwamba maji ya huko yana chumvi.

Nyumba yenye mabati na tangi husaidia sana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 50 mraba likipata milimita 20 za mvua linaweza kukupa karibu lita 800 ukitoa yanayopotea. Maji hayo, pamoja na ya kisima, yachemshe au yatie dawa kabla ya kunywa.

Barabara, malori na ndovu

Barabara kuu hutupa biashara, lakini ina gharama yake. Malori hupita usiku na mchana, na mengi hulala mjini. Ukichagua nyumba upande mmoja wa barabara, angalia shule ya watoto iko upande gani. Mtoto wa darasa la pili atavuka mara mbili kila siku. Mzee anayetembea polepole au asiyesikia vizuri naye atavuka akienda sokoni.

Ikiwa unalea wasichana na wavulana wa miaka 12 hadi 18, tembea mtaani jioni baada ya saa moja. Tazama baa ziko wapi, njia ya kutoka dukani ina taa, na vijana hukaa wapi. Mji unaolaza madereva wengi huwa na watu wenye pesa za haraka, nao hushawishi watoto. Mimba za mapema na virusi vya ukimwi si mambo ya kuogopa kuyataja. Zungumza na watoto wako, na chagua mtaa ambao majirani hukanya mtoto wa mwenzao.

Ukienda mbali na mji utakutana na jambo jingine. Mtito Andei iko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hawajui ploti ni ya nani. Hufuata maji, mahindi na maembe, hasa usiku na alfajiri. Shamba la bei nafuu lililopakana na mbuga lina sababu ya kuwa nafuu. Uliza wenyeji: Ndovu wamepita hapa mwaka huu? Watoto huenda shule saa ngapi, na kwa njia gani?

Wenye kutaka kulima waangalie pia pa kuhifadhi. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini yaliua watu 125 katika sehemu hizi za mashariki, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui. Nyumba iwe na ghala kavu, lenye hewa, lililoinuliwa kutoka chini. Mahindi yaliyoota ukungu usile, usimpe mtoto, wala usimpe mbuzi.

Mfano wa ploti mbili

Tuchukue mfano. Mama mwalimu anastaafu mwakani. Ana presha, mumewe ana sukari, na wanalea wajukuu wawili. Ameonyeshwa ploti mbili. Ya kwanza ni ekari mbili, kilomita 12 kutoka barabarani, bei ni nafuu. Ya pili ni ndogo, lakini hospitali na shule ni mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Ndugu wanamwambia, "Chukua kubwa, ardhi ni mali."

Kweli, ardhi ni mali. Lakini tuseme bodaboda ni shilingi 600 kwenda na kurudi. Yeye na mumewe wakienda kliniki mara moja kwa mwezi kila mmoja ni shilingi 1,200. Ongeza sokoni, kanisani au msikitini. Pesa zikipungua, kinachokatwa kwanza ni kliniki, na dawa zikikatika, kiharusi kinakaribia. Ploti ndogo inaweza kuwa na bei kubwa leo na kuwa nafuu baada ya miaka kumi. Ikiwa kule ndani kuna mwana mwenye pikipiki na zahanati yenye dawa, hesabu inabadilika. Piga hesabu ya nyumba yako mwenyewe.

Kabla ya kulipa, hakikisha hati ya shamba katika ofisi ya ardhi, na wewe mama uwepo. Sheria inataka idhini ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani.

Majirani nao ni dawa

Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Mtu aliyezoea kazi na wenzake akijifungia peke yake hupoteza usingizi, hamu ya kula na hata hamu ya kuishi. Kabla ya kuhamia, tafuta chama cha akina mama, mahali pa ibada, na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo. Akikujua kwa jina, utapata msaada upesi.

Na wewe unayemhamisha mzazi wako mzee: usimchagulie mtaa yeye akiwa hayupo. Mlete aone. Muulize nani atazungumza naye wewe ukiwa kazini. Mzee aliyetolewa kwa marafiki zake na kuwekwa katika nyumba nzuri asikojua mtu anaweza kudhoofika haraka.

Tukumbuke

Tembelea mtaa wakati wa kiangazi, na uutembelee usiku.
Pima njia ya hospitali kwa saa na shilingi.
Hesabu mitungi ya maji na umtaje atakayeibeba.
Angalia barabara, baa, njia ya shule na njia ya ndovu.
Jua majina ya majirani watatu kabla ya kulipa.
Usimalize kiinua mgongo chote kwa nyumba. Bakisha cha matibabu.

Juma hili keti na mzee wako, au na mume wako, mwandike kwenye karatasi dawa mnazotumia na mahali mtakapozipata mkihama. Mkikosa jibu, bado hamjapata mtaa. Tukutane tena juma lijalo. Kwaheri, mama, na afya njema.